Jinsi ya kuhifadhi hali ya rejista za prosesa kwenye faili la dampu linalosomeka popote

Programu ikianguka kwenye mashine ya mtumiaji, mara nyingi unachobaki nacho ni faili dogo la dampu: orodha ya nyuzi, vipande vya kumbukumbu ya steki, orodha ya maktaba zilizopakiwa, na hali ya rejista za kila uzi. Rejista huchukua nafasi ndogo sana humo, lakini ndizo zinazoamua kama vingine vyote vina maana. Bila pointa ya maelekezo hujui programu ilikuwa inatekeleza nini. Bila pointa ya steki hujui uanzie wapi kuifumua steki, yaani kurudi nyuma kutoka fanksheni hadi ile iliyoiita. Rejista moja ikikaa mahali pasipo pake, debaga itakupangia mlolongo wa fanksheni ambao haukutokea kamwe, na kwa macho utafanana kabisa na wa kweli.

Mwongozo huu ni wa anayeandika kinasa dampu, au kisomaji chake, na anataka dampu lililotoka kwenye Linux ya ARM lifunguke kwenye Windows ya x86-64, leo na miaka ijayo. Nitatumia umbo la minidampu, lile la Microsoft ambalo Breakpad na Crashpad, maktaba za kunasa dampu, hulitumia pia nje ya Windows, kwa sababu limesambaa na zana za kulisoma zipo tayari. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba thamani ya rejista peke yake haitoshi. Faili linapaswa kusema thamani hiyo ni ya rejista ipi, ya prosesa ya aina gani, na kama ilipatikana kweli au ni sifuri iliyojaza nafasi tu.

Hatua ya 1: Chagua mpangilio uliopo, usibuni wako

Kishawishi cha kwanza ni kuchukua muundo wa data ambao mfumo wako wa uendeshaji umekupa na kuumwaga kwenye faili ulivyo. Tazama kinachoipata rejista moja tu, rax, kwenye Linux ya x86-64. Ukiisoma kwa ptrace, mwito wa Linux wa kuchungulia mchakato mwingine, inakuja ndani ya user_regs_struct ikiwa ya 10 ukihesabu kuanzia sifuri. Ukiipokea ndani ya ishara, kwenye safu ya gregs, ni ya 13. Kwenye DWARF, yaani taarifa za kudebagi zinazoandikwa na kompaila, namba yake ni 0. Kwenye muundo wa CONTEXT wa Windows inakaa kwenye ofseti 0x78, yaani umbali wa baiti kutoka mwanzo wa muundo. Mipangilio yote minne ni sahihi, kila mmoja kwa kazi yake, na hakuna hata mmoja unaobeba majina ya rejista. Baiti zikishafika kwenye faili, hakuna anayeweza kubahatisha zilitoka kwenye mpangilio upi.

Faili la core la ELF nalo lina utaratibu wake: kila uzi una noti ya NT_PRSTATUS, yenye baiti 336 kwenye x86-64 na 392 kwenye ARM64, na katika zote mbili rejista huanza kwenye baiti ya 112. Ukibaki ndani ya Linux, hilo linatosha na halina ubaya wowote. Ukitaka kuvuka mifumo, tumia miundo ya minidampu na uiheshimu hadi ofseti ya mwisho. Ukubwa wa rekodi za rejista ni huu:

- x86: baiti 716
- x86-64: baiti 1232
- ARM64: baiti 912

Namba hizi zihifadhi, maana utazihitaji wakati wa kuandika na wakati wa kusoma.

Hatua ya 2: Tangaza usanifu kabla ya yote

Minidampu huanza na kichwa cha baiti 32 chenye saini ya herufi MDMP, kisha saraka ya mikondo. Kila kiingilio cha saraka kina baiti 12: aina ya mkondo, ukubwa wake na mahali ulipo kwenye faili. Mkondo namba 7 ni wa taarifa za mfumo, na sehemu yake ya kwanza, yenye biti 16, ndiyo inayotaja usanifu: 0 ni x86, 5 ni ARM ya biti 32, 9 ni x86-64, 12 ni ARM64. Rekodi zote za rejista zitafasiriwa kwa kufuata namba hiyo.

Andika usanifu wa mchakato ulioanguka, kwa sababu rekodi za rejista ni zake. Mchakato wa biti 32 unaweza kuwa unaendeshwa juu ya kerneli ya biti 64, na ukiandika 9 hapo kwa kuwa prosesa ni ya biti 64, kisomaji kitazisoma baiti 716 kana kwamba ni 1232.

Hatua ya 3: Zinase rejista zilizo sahihi

Hapa ndipo madampu mengi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Uzi ulioanguka una rejista za nyakati mbili. Kuna zile za wakati wa kosa lenyewe, na kuna zile za sasa, wakati fanksheni yako ya kupokea ishara inaendelea na kazi. Unazozitaka ni za kwanza. Sajili fanksheni yako kwa sigaction ukiwa na bendera ya SA_SIGINFO, na kerneli itakupa kwenye hoja ya tatu pointa ya ucontext_t, ambamo imehifadhi hali ilivyokuwa maelekezo yalipogoma. Ukiuliza rejista za uzi huo kwa njia nyingine ukiwa umeshaingia kwenye ishara, utapata anwani za msimbo wako mwenyewe wa kunasa dampu.

Weka pia steki ya pembeni kwa sigaltstack. Programu iliyoanguka kwa kumaliza steki haina mahali pa kuendeshea fanksheni ya ishara, na kosa la namna hiyo litapita bila dampu lolote.

Ndani ya fanksheni ya ishara fanya machache iwezekanavyo. Lundo la kumbukumbu linaweza kuwa limeharibika, kufuli linaweza kuwa limeshikwa na uzi uleule ulioanguka, hivyo malloc na printf hazina nafasi hapo. Nakili ucontext_t na siginfo_t kwenye eneo ulilolitenga mapema, kisha uamshe mchakato msaidizi ambao ndio utakaoandika faili.

Kunakili huko kuna mtego. Kwenye x86-64, uc_mcontext.fpregs ni pointa. Ukinakili ucontext_t peke yake, umenakili anwani inayoelekea kwenye steki ya ishara, na rejista za desimali zenyewe umeziacha kule. Zinakili kando, baiti 512. Kwenye ARM64 mambo ni tofauti tena: rejista za vekta ziko ndani ya eneo la __reserved, zikiwa kama rekodi zinazofuatana, kila moja ikianza na namba ya utambulisho na ukubwa wake. Unapita rekodi moja baada ya nyingine hadi ukutane na 0x46508001, ambayo ndiyo ya FPSIMD. Usidhani kwamba itakuwa ya kwanza daima.

Nyuzi nyingine zote zisimamishwe na mchakato msaidizi kwa ptrace, kisha zisomwe kwa PTRACE_GETREGSET na NT_PRSTATUS. Mwito huu hupokea iovec, na kerneli ikimaliza hubadilisha iov_len iwe ukubwa halisi wa ilichokupa. Uangalie ukubwa huo kila mara. Kisaidizi cha biti 64 kikisoma mchakato wa x86-64 kinapata baiti 216, na kikisoma wa x86 kinapata 68. Ndiyo njia nyepesi ya kujua unashughulika na nini bila kukisia.

Hatua ya 4: Hamisha rejista kwa majina yake

Usihamishe kwa memcpy. Andika mstari mmoja kwa kila rejista, hata kama unaona ni kazi ya kuchosha, kwa sababu mstari huo ndio mahali pekee ambapo jina la rejista na mahali pake kwenye faili vinakutana mbele ya macho ya mtu atakayekagua msimbo wako.

```c
static void jaza_amd64(uint8_t *r, const struct user_regs_struct *u)
{
    memset(r, 0, 1232);
    /* x86-64 + udhibiti + namba nzima + segimenti */
    weka32(r + 0x30, 0x00100000 | 0x1 | 0x2 | 0x4);

    weka16(r + 0x38, (uint16_t)u->cs);
    weka16(r + 0x3A, (uint16_t)u->ds);
    weka16(r + 0x3C, (uint16_t)u->es);
    weka16(r + 0x3E, (uint16_t)u->fs);
    weka16(r + 0x40, (uint16_t)u->gs);
    weka16(r + 0x42, (uint16_t)u->ss);
    weka32(r + 0x44, (uint32_t)u->eflags);

    weka64(r + 0x78, u->rax);
    weka64(r + 0x80, u->rcx);
    weka64(r + 0x88, u->rdx);
    weka64(r + 0x90, u->rbx);
    weka64(r + 0x98, u->rsp);
    weka64(r + 0xA0, u->rbp);
    weka64(r + 0xA8, u->rsi);
    weka64(r + 0xB0, u->rdi);
    /* r8 hadi r15 zinafuata: 0xB8 hadi 0xF0, kila baada ya baiti 8 */
    weka64(r + 0xF8, u->rip);
}
```

Fanksheni za weka16, weka32 na weka64 ziandike baiti moja moja, ndogo kwanza, ili matokeo yasitegemee mashine iliyokompaili. Angalia mpangilio rcx, rdx, rbx: DWARF huziita rcx 2, rdx 1 na rbx 3. Mtu akijaza rejista nne za kwanza, rax hadi rbx, kwa kitanzi kinachofuata namba za DWARF, rcx na rdx zitabadilishana nafasi na hakuna onyo litakalotokea, maana zote ni namba za biti 64 na steki itafumuliwa vizuri tu.

Kwa ARM64 ofseti ni nyepesi kukumbuka: bendera 0x00, cpsr (rejista ya hali) 0x04, x0 hadi x28 kuanzia 0x08, fp kwenye 0xF0, lr (anwani ya kurudi) kwenye 0xF8, sp kwenye 0x100, pc (pointa ya maelekezo) kwenye 0x108, na rejista 32 za vekta kuanzia 0x110.

Kuna vitu ambavyo Linux inavyo na rekodi ya Windows haina mahali pa kuviweka. fs_base ni mfano mzuri: kwenye Linux ya x86-64 ndiyo inayoelekeza kwenye data binafsi za uzi, na bila hiyo huwezi kusoma vigeu vya aina ya thread_local. Rekodi ya baiti 1232 ina nafasi ya biti 16 tu kwa fs. Kishawishi cha kuiingiza kwenye sehemu isiyotumika, tuseme zile nafasi sita za P1Home hadi P6Home mwanzoni, kikatae. Kisomaji cha mwenzako hakitajua, na siku nafasi hizo zikipata kazi mtagombana. Andika mkondo wako wa pembeni. Namba za aina ya mkondo zinazozidi 0xFFFF zimeachiwa watumiaji, na Breakpad yenyewe hufanya hivyo kwa mikondo yake ya Linux, inayoanzia 0x47670003. Kisomaji kisichoufahamu mkondo wako kitauruka bila kuumia.

Hatua ya 5: Tofautisha sifuri na "sijui"

Kila rekodi ina neno la bendera, ContextFlags. Biti za juu hurudia usanifu: 0x00010000 kwa x86, 0x00100000 kwa x86-64, 0x00400000 kwa ARM64. Biti za chini husema ni makundi gani ya rejista yaliyojazwa kweli. Wengi huwasha biti zote na kuendelea na safari, na hapo ndipo dampu linapoanza kudanganya. Mhandisi anayeona rdi ni sifuri kwenye uzi ulioanguka atahitimisha kwamba fanksheni ilipewa pointa tupu. Kama kweli rejista za namba nzima hazikupatikana, umempeleka kutafuta kosa lisilokuwepo, na pengine atalitafuta wiki nzima.

Kwa hiyo washa biti baada ya kujaza kundi, kamwe si kabla. PTRACE_GETREGSET ikishindwa kwa uzi fulani, ama usiandike rekodi yake, ama iandike ikiwa na biti ya usanifu tu.

Maana ya biti hubadilika kutoka prosesa hadi prosesa. Udhibiti ni 0x1 na namba nzima ni 0x2 kwa zote tatu. Lakini 0x8, ambayo kwenye x86 na x86-64 ni rejista za desimali, kwenye ARM64 ni rejista za kudebagi. Desimali za ARM64 ni 0x4, biti ambayo kwa x86 ni ya segimenti. Tena ebp ya x86 imo kwenye kundi la udhibiti, wakati rbp ya x86-64 imo kwenye kundi la namba nzima. Ukiandika fanksheni moja ya kufasiri bendera kwa prosesa zote, itakosea.

Makundi haya ni mapana, na kisomaji kinahitaji kitu chembamba zaidi. Unapoifumua steki na kurudi kwa fanksheni iliyoita, rejista nyingi hujui tena zilikuwa na nini. Kwenye Linux ya x86-64 zinazobaki na uhakika ni zile ambazo fanksheni inayoitwa inalazimika kuzirejesha kama ilivyozikuta: rbx, rbp na r12 hadi r15, pamoja na rsp (pointa ya steki) na rip (pointa ya maelekezo) ulizozikokotoa. Kwenye Windows ongeza rdi na rsi. Ndani ya kisomaji, shika kwa kila fremu seti ya rejista zinazojulikana, biti moja kwa kila rejista, na onyesho lako liandike "haijulikani" penye pengo. Breakpad ina seti ya namna hii, na ni moja ya sababu fremu zake za juu zinaaminika.

Hatua ya 6: Rejista za desimali na vekta

Kwenye x86-64 na ARM64 hatua hii ni fupi. Rekodi ya baiti 512 ya FXSAVE, maelekezo ya x86 ya kuhifadhi rejista za desimali, inakwenda kwenye ofseti 0x100 ya rekodi ya x86-64, unawasha biti 0x8, basi. Kwenye ARM64 ni rejista 32 za baiti 16 kila moja, kisha fpcr kwenye 0x310 na fpsr kwenye 0x314.

Kwenye x86 ya biti 32 kuna kazi. Rekodi ya baiti 716 ina sehemu mbili za desimali: ya zamani ya FSAVE kwenye ofseti 0x1C, na ya FXSAVE kwenye 0xCC. Neno la vitambulisho halifanani katika hizo mbili. FSAVE ina biti mbili kwa kila rejista: 00 ina thamani ya kawaida, 01 ni sifuri, 10 ni thamani maalumu, 11 ni tupu. FXSAVE ina biti moja tu: 1 ina kitu, 0 ni tupu. Kutoka FSAVE kwenda FXSAVE ni rahisi. Kurudi inabidi uikague kila thamani uone ni ya aina gani, na hapo unakutana na tatizo jingine: vitambulisho vimepangwa kwa namba halisi ya rejista, R0 hadi R7, lakini thamani zimepangwa kwa nafasi ya steki, ST0 hadi ST7. Kiungo ni TOP, biti ya 11 hadi ya 13 za neno la hali.

Chukua hali ambapo thamani moja tu imepakiwa baada ya kuanza upya. TOP inashuka kutoka 0 hadi 7, neno la hali linasomeka 0x3800, na kitambulisho cha FXSAVE ni 0x80, yaani R7 pekee ndiyo yenye kitu. Thamani yake unaipata kwenye ST0, kwa sababu 7 toa TOP ni 0. Ikiwa ni namba ya kawaida, neno la FSAVE ni 0x3FFF. Ikiwa ni sifuri, ni 0x7FFF. Ukisahau TOP utaikagua ST7 iliyo tupu na kuandika jibu lake kwenye R7.

Nusu za juu za rejista za AVX, zile pana za vekta za x86, hazimo kwenye baiti 1232. Linux inakupa kwa NT_X86_XSTATE, namba 0x202. Ushauri wangu: ziache mpaka ukutane na programu inayozihitaji kweli, kama maktaba za hesabu au za video. Hazisaidii kuifumua steki, na zinaongeza ukubwa wa kila uzi.

Hatua ya 7: Unganisha rekodi na uzi, steki na kosa

Kwenye mkondo namba 3, kila uzi una baiti 48: namba ya uzi, maelezo ya steki, na mwishoni ukubwa na mahali pa rekodi ya rejista. Mkondo namba 6 ni wa kosa, wenye baiti 168, nao unamalizikia na ukubwa na mahali pa rekodi ya rejista. Maana yake uzi ulioanguka unatajwa mara mbili. Elekeza sehemu zote mbili kwenye baiti zilezile, zile za ucontext_t. Hivyo hata kisomaji kinachosahau mkondo wa kosa kitaonyesha mahali sahihi.

Kumbukumbu ya steki ianzie chini kidogo ya rsp. Kwenye Linux ya x86-64, fanksheni isiyoita nyingine inaruhusiwa kutumia baiti 128 zilizo chini ya rsp bila kuisogeza, na ukianza kunakili kwenye rsp kamili unavipoteza vigeu vyake. Nakili pia baiti kama 256 kuzunguka pc, nusu kabla na nusu baada, ili debaga iweze kuonyesha maelekezo yenyewe hata ikikosa faili la programu.

Ikiwa rsp inaelekea mahali pasipokuwa na steki, iandike hivyohivyo. Kinasa kisirekebishe chochote. rsp iliyovurugika ni ushahidi, mara nyingi ndio ushahidi wenyewe. Vivyo hivyo kwa anwani ya kurudi: kisomaji hupunguza moja kabla ya kutafuta mstari wa msimbo, lakini faili libaki na thamani ilivyokutwa.

Kwenye ARM64 hili lina uzito zaidi. Prosesa zenye uthibitishaji wa pointa huweka saini kwenye biti za juu za lr, na anwani inayosomeka humo haiingii kwenye maktaba yoyote mpaka saini iondolewe. Hifadhi lr pamoja na saini yake. Mpe kisomaji kinyago cha kuiondolea, ambacho Linux inakitoa kwa NT_ARM_PAC_MASK, namba 0x406, na ukiweke kwenye mkondo wa pembeni. Kwenye ARM ya biti 32, hifadhi cpsr bila kukosa: biti yake ya 5 ndiyo inayosema kama msimbo ni wa Thumb, yaani maelekezo mafupi ya ARM.

Hatua ya 8: Kisomaji kisiamini kitu

Mfuatano unaofaa ni huu. Thibitisha saini ya MDMP. Ikisomeka kinyume, faili lilitoka kwenye mashine yenye baiti kubwa kwanza, na kila namba utakayosoma baada ya hapo igeuzwe. Soma usanifu. Kisha kwa kila rekodi hakikisha mahali pamoja na ukubwa havivuki mwisho wa faili, ukijumlisha kwa biti 64 ili jumla isizunguke. Ukubwa ukiwa mdogo kuliko ule wa usanifu husika, kataa. Ukiwa mkubwa, soma sehemu ya msingi na uendelee, maana rekodi za x86-64 zenye AVX huwa na nyongeza.

Halafu ndipo usome bendera, na usizisome zote mahali pamoja. Kwenye x86 na ARM64 zipo kwenye ofseti 0. Kwenye x86-64 zipo 0x30, baada ya P1Home hadi P6Home. Biti za usanifu zisipokubaliana na mkondo wa taarifa za mfumo, rekodi hiyo ni batili.

Madampu ya zamani ya ARM64 yaliyoandikwa na Breakpad yana sura nyingine kabisa: usanifu wake ni 0x8003, rekodi ina baiti 796, na bendera ni za biti 64 zenye 0x80000000. Ukitaka kuyasoma, andika kisomaji chake kando na ukitambue kwa usanifu na ukubwa kwa pamoja. Kuyachanganya na ya baiti 912 kwa masharti katikati ya fanksheni moja kutakuletea makosa ambayo hakuna jaribio la kawaida litakaloyaona.

Hatua ya 9: Jaribu kwa thamani unazozijua

Andika programu fupi ya asembli inayojaza kila rejista ya namba nzima kwa thamani ya peke yake kisha ianguke kwa makusudi, kwa ud2 kwenye x86 au udf kwenye ARM64. Chagua thamani ambazo kila baiti ni tofauti: 0x1122334455667700 kwa rax, 0x1122334455667701 kwa rcx, na kuendelea. Baiti ya mwisho inakutajia rejista, na zilizotangulia zinakuonyesha mara moja kama kuna mahali baiti zimegeuzwa au nusu ya juu imekatwa. Thamani kama 0 au 0xFFFFFFFFFFFFFFFF hazina faida hapa, kwa kuwa haziathiriki na makosa hayo.

Fungua dampu kwa visomaji viwili ambavyo hukuviandika wewe. LLDB hufungua minidampu kwa chaguo la -c, Breakpad ina minidump_dump, na kwenye Windows kuna WinDbg. Kisomaji chako na kinasa chako vinaweza kushiriki kosa moja na kukubaliana daima.

Kwenye msimbo wa kinasa weka static_assert kwa 716, 1232 na 912 ikiwa unatumia miundo ya C, na moja kwa ofseti ya rip na ya pc. Halafu lichukue dampu zima na ulikate kwenye kila baiti, ukikilisha kisomaji vipande hivyo; kila kimoja kikataliwe kwa ujumbe, bila kisomaji chenyewe kuanguka.

Jaribio la mwisho ni la bendera. Zima biti ya 0x2 kwenye dampu zuri la x86-64, ukiziacha thamani zenyewe kama zilivyo, kisha ulifungue. rax hadi r15 zionyeshwe kuwa hazijulikani, rbp ikiwa miongoni mwake, na rip, rsp na eflags zibaki zinasomeka. Ikionekana namba yoyote kwenye rax, rudi kwenye hatua ya 5.